Oksijeni Inayosomwa kwa Mwanga: Kutoka Tyubu ya Makohozi hadi Picha ya Kidonda

Mgonjwa anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu sugu huambiwa kwamba majibu ya makohozi yaliyooteshwa maabara yanaweza kuchukua hadi wiki sita. Wengi wakisikia hivyo hudhani faili lao limewekwa kando. Ukweli ni kwamba katika siku hizo 42 tyubu yenye makohozi yao hukaguliwa na mashine kila baada ya dakika 60, usiku na mchana, siku za kazi na za sikukuu. Jambo la kustaajabisha ni kwamba mashine hiyo haiwatazami bakteria. Inatazama mng'ao wa rangi ya chungwa ulioko kwenye kitako cha tyubu, na kwa mng'ao huo inajua ni kiasi gani cha oksijeni kilichobaki ndani. Oksijeni ikipungua, kuna kiumbe hai anayeitumia.

Makala hii inaeleza namna mwanga unavyoweza kutumika kupima oksijeni, na kisha namna vipimo vingi vinavyoweza kuunganishwa vikawa picha. Imeandikwa kwa ajili ya watumishi wa afya na pia kwa wagonjwa. Mwenye haraka anaweza kuipita sehemu yenye hesabu, ingawa hesabu yenyewe ni ya kugawanya na kutoa tu.

Oksijeni hufifisha mng'ao

Kuna rangi za kikemia ambazo zikimulikwa kwa mwanga wa buluu au wa urujuani hupokea nishati ya mwanga huo, huishikilia kwa muda mfupi, kisha huitoa tena kama mwanga mwingine wenye wekundu zaidi. Baadhi yake huutoa mara moja. Nyingine hukawia, na huendelea kung'aa hata baada ya taa kuzimwa, ingawa kukawia huko kunahesabiwa kwa mikrosekunde, yaani sehemu za milioni moja za sekunde. Mng'ao huu wa kukawia huitwa fosforesensi.

Kukawia ndiko kunakotupa nafasi ya kupima. Molekuli ya rangi inapokuwa bado imebeba nishati yake, inaweza kugongana na molekuli ya oksijeni iliyo karibu. Oksijeni, kwa sababu ya namna elektroni zake mbili za nje zilivyopangika, ni mpokeaji hodari wa nishati ya aina hii. Wakigongana, oksijeni huichukua nishati na rangi hubaki bila kitu cha kung'aria. Kadiri oksijeni inavyokuwa nyingi ndivyo migongano inavyoongezeka, na mng'ao huwa hafifu tena wa muda mfupi. Oksijeni ikiwa haba, mng'ao huwa mkali na hudumu. Jambo hili linakwenda kinyume na matarajio ya wengi, kwa hiyo lisomwe mara mbili: katika vihisi hivi, mwanga mkali ni dalili ya upungufu wa oksijeni.

Uhusiano huu uliandikwa kwa hesabu na Otto Stern na Max Volmer mwaka 1919. Mwaka 1931 mwanakemia wa Ujerumani, Hans Kautsky, alionyesha kwamba rangi zilizonaswa juu ya chembe za silika hupoteza mng'ao hata pale oksijeni inapokuwa kidogo sana. Hata hivyo, kwa muda mrefu hospitali zilitegemea njia nyingine, ile ya elektrodi iliyobuniwa na Leland Clark wa Marekani katika miaka ya 1950, ambayo ndani ya mashine za kupima gesi za damu inatumika hadi leo. Elektrodi ni chombo kizuri, lakini hupima nukta moja tu na yenyewe hula oksijeni inayoipima. Rangi inayong'aa haili oksijeni kwa kiasi cha kutajika, na inaweza kupakwa juu ya eneo zima. Kwa kazi ya picha, tofauti hizo mbili zina uzito mkubwa.

Ndani ya tyubu ya kifua kikuu

Katika maabara za Afrika Mashariki, kihisi cha namna hii kinachowagusa watu wengi zaidi ni kile kilichomo katika tyubu za MGIT. Kila tyubu ina mililita 7 za mchuzi wa virutubisho. Kwenye kitako chake kumemwagwa silikoni iliyogandishwa pamoja na rangi yenye madini ya rutheni. Silikoni hupitisha oksijeni kwa urahisi lakini huizuia rangi isiyeyuke na kuingia katika mchuzi, kwa hiyo bakteria hawaidhuru wala haiwadhuru.

Tyubu mpya ina oksijeni ya kutosha iliyoyeyuka katika mchuzi, na kwa sababu hiyo rangi haing'ai. Bakteria wakianza kukua huvuta oksijeni hiyo. Siku zinavyopita migongano hupungua, na kitako huanza kung'aa kwa rangi ya chungwa kinapomulikwa kwa taa ya mwanga wa urujuani. Mahali pasipo na mashine, mtaalamu anaweza kuutazama mng'ao huo kwa macho yake akiilinganisha tyubu ya mgonjwa na tyubu mbili za mfano, moja inayong'aa na nyingine isiyong'aa. Mashine hufanya kazi ileile kwa nyuzi joto 37, ila haichoki.

Kwa nini basi wiki sita? Bakteria wengi wa kawaida hugawanyika kila baada ya dakika 20 au 30. Bakteria wa kifua kikuu huhitaji takriban saa 20 kugawanyika mara moja. Mgonjwa mwenye bakteria wengi huweza kupata jibu la tyubu yenye ukuaji katika wiki moja au mbili. Mwenye wachache husubiri zaidi. Majibu ya “hakuna ukuaji” hayawezi kutolewa mapema, kwa kuwa bakteria wachache tu waliochelewa kuamka wanaweza kujitokeza siku ya 35. Ni afadhali mgonjwa aelezwe hivyo kuliko kuambiwa tu arudi baadaye.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini tuoteshe bakteria ilhali mashine ya GeneXpert inatoa majibu kwa saa mbili. Swali ni la haki. Kipimo cha vinasaba hugundua maandishi ya kinasaba ya bakteria, na maandishi hayo hubaki hata bakteria anapokuwa amekufa. Kwa kutambua ugonjwa, jambo hilo halina ubaya. Kwa kufuatilia kama dawa zinafanya kazi, ni kikwazo, kwa sababu mgonjwa anayepona vizuri anaweza kuendelea kuonekana ana bakteria. Tyubu inayong'aa hujibu swali jingine kabisa: je, kuna anayepumua humu? Maiti hatumii oksijeni. Hii ndiyo sababu mgonjwa wa kifua kikuu sugu huombwa makohozi kila mwezi wakati wa matibabu ingawa ugonjwa wake umekwisha kuthibitishwa.

Kihisi hichohicho hupima usugu wa dawa. Bakteria wa mgonjwa hugawanywa katika tyubu kadhaa. Moja haina dawa, lakini inapewa bakteria waliopunguzwa hadi sehemu moja ya mia. Nyingine zina dawa, kila moja yake, na hupewa bakteria bila kupunguzwa. Kisha mashine husubiri tyubu isiyo na dawa ifikie kiwango kilichowekwa cha mng'ao. Ikiwa wakati huo tyubu yenye rifampisini nayo imeng'aa vya kutosha, maana yake ni kwamba angalau bakteria mmoja katika kila mia ameishinda dawa, na hao wametosha kuifanya dawa hiyo isiaminike. Hesabu hii ya moja kwa mia ni ya zamani kuliko mashine. Kilichobadilika ni kwamba badala ya kuhesabu makundi ya bakteria juu ya sahani, tunasoma mwanga.

Udhaifu wa njia hii uko palepale penye nguvu yake. Kihisi hakijui ni nani anayevuta oksijeni. Bakteria wa kinywani, fangasi, au bakteria wengine wa jamii ya kifua kikuu wasioambukiza kwa kawaida wote huifanya tyubu ing'ae. Ndiyo maana makohozi huoshwa kwanza kwa magadi makali ya sodiamu haidroksaidi kwa dakika 15 hadi 20, na mchuzi hutiwa mchanganyiko wa viuavijasumu vitano ambavyo havimuui bakteria wa kifua kikuu. Muda huo wa kuosha una pande mbili: ukizidi, bakteria tunaowatafuta nao hufa, na jibu la “hakuna ukuaji” litakuwa la uongo, ukipungua, wageni huishi. Kwa hiyo tyubu iliyong'aa si jibu. Ni lazima itolewe, ipakwe kwenye kioo, itiwe rangi ya Ziehl-Neelsen na kutazamwa kwa hadubini, kisha aina ya bakteria ithibitishwe.

Hapa pana neno kwa mgonjwa. Ukiambiwa sampuli yako “imechafuliwa”, usidhani umeambiwa wewe ni mchafu, wala usidhani kwamba huna ugonjwa. Maana yake ni kwamba viumbe wengine waliwatangulia bakteria waliokuwa wakitafutwa, na jibu halijulikani. Toa sampuli nyingine. Sampuli nzuri hutolewa asubuhi kabla ya kula, baada ya kusukutua kinywa kwa maji safi, mahali pa wazi penye hewa, kwa kuvuta pumzi nzito mara kadhaa na kukohoa kutoka ndani kabisa ya kifua. Mate hayasaidii. Funga kifuniko vizuri na uifikishe kituoni siku hiyohiyo. Na kwa mtumishi: sampuli isiyoweza kusafirishwa siku hiyo iwekwe kwenye jokofu, kati ya nyuzi 2 na 8, wala isiachwe dirishani juani ikingoja bodaboda. Wageni wanaoharibu tyubu mara nyingi huzaliana katika saa hizo za njiani. Huko maabara nako, kizibo kisichokazwa huingiza hewa mpya, na oksijeni iliyoingia hufifisha mng'ao uliokuwa umeanza.

Kutoka nukta moja hadi picha

Tyubu hutoa jibu moja: ndiyo au hapana. Picha inadai zaidi, kwa kuwa tunataka kujua oksijeni ni kiasi gani hapa, na ni kiasi gani sentimita moja kutoka hapa.

Njia rahisi ya kufikiria ni kupaka filamu yenye rangi juu ya ngozi, kuimulika na kuipiga picha. Tatizo lake hujitokeza mara moja. Sehemu iliyopakwa rangi nyingi itang'aa zaidi hata kama oksijeni ni ileile. Sehemu iliyo mbali na taa itang'aa kidogo. Rangi iliyochakaa kwa kumulikwa mara nyingi itafifia. Ukali wa mwanga peke yake, kwa hiyo, ni shahidi asiyeaminika.

Shahidi bora ni muda. Kila molekuli ya rangi hukaa na nishati yake kwa muda fulani wa wastani kabla ya kung'aa. Tuuite umri wa mng'ao. Umri huo haubadiliki kwa sababu rangi ni nyingi au taa ni dhaifu. Unabadilika kwa sababu ya oksijeni, na pia joto, ambalo tutalirudia. Kamera hupiga kimweko kifupi, huzima taa, hupiga picha ya kwanza mara moja na ya pili baada ya mikrosekunde chache. Uwiano wa picha hizo mbili, nukta kwa nukta, huonyesha mng'ao unafifia kwa kasi gani kila mahali. Vifaa vingine hutumia rangi mbili, moja inayojali oksijeni na nyingine isiyoijali, na hulinganisha mwanga wa hizo mbili. Njia hii ya pili ni nafuu, kwani hata kamera ya kawaida ya rangi inaweza kuitumia.

Tuchukue mfano wa kufikirika wenye tarakimu nyepesi. Filamu yetu ina umri wa mng'ao wa mikrosekunde 60 pasipo na oksijeni kabisa, na mikrosekunde 20 katika hewa ya kando ya bahari, ambako kanieneo ya oksijeni ni takriban milimita 160 za zebaki. Kanuni ya Stern na Volmer inasema: gawanya umri wa bila oksijeni kwa umri uliopimwa, toa moja, na kinachobaki kinalingana na oksijeni. Katika hewa: 60 kwa 20 ni 3, toa 1, inabaki 2. Kwa hiyo 2 inawakilisha milimita 160, na kila milimita inawakilishwa na 0.0125. Sasa tumeiweka filamu juu ya mguu na kamera imesoma mikrosekunde 40. Gawanya 60 kwa 40, upate 1.5; toa 1, inabaki 0.5, gawanya kwa 0.0125. Jibu ni milimita 40. Karibu na kidole gumba kamera inasoma mikrosekunde 48. Kwa njia ileile tunapata milimita 20. Kompyuta hufanya hesabu hii kwa maelfu ya nukta na kuzipaka rangi, na hapo ndipo tunapopata ramani ya oksijeni.

Mguu wa mgonjwa wa kisukari

Tarakimu 40 na 20 hazikuchaguliwa kwa bahati. Kidonda kinahitaji oksijeni ili kipone: seli nyeupe huitumia kutengeneza kemikali za kuwaua vijidudu, na nyuzi za kolajeni zinazoshona ngozi upya haziwezi kukomaa bila hiyo. Mfumo wa WIfI, uliotolewa na madaktari wa upasuaji wa mishipa wa Marekani mwaka 2014, huipanga hali ya mguu kwa madaraja. Oksijeni ya ngozi inayofikia milimita 60 au zaidi ni ya daraja la salama. Chini ya milimita 30 ni daraja baya kuliko yote, ambapo kidonda hakitarajiwi kufunga bila damu kurudishwa.

Wauguzi wengi huniuliza swali hili: je, oksimita ya kidoleni haitoshi? Haitoshi, na ni muhimu kuelewa kwa nini. Oksimita husoma ni asilimia ngapi ya hemoglobini iliyobeba oksijeni katika damu inayodunda. Haisemi ni damu kiasi gani inayofika, wala tishu zimepokea nini. Mgonjwa wa kisukari anaweza kuwa na asilimia 98 kwenye kidole cha mkono huku kidole chake cha mguu kikifa kwa sababu mshipa wa chini ya goti umeziba. Mzigo uliomo garini ni kamili. Barabara ndiyo iliyofungwa. Zaidi ya hayo, oksimita humulika kupitia ngozi, na mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha katika jarida la New England Journal of Medicine kwamba kati ya wagonjwa waliosomwa na oksimita kuwa na asilimia 92 hadi 96, upungufu halisi uliofichika ulikuwapo kwa asilimia 11.7 ya wagonjwa weusi na asilimia 3.6 ya weupe. Sisi ambao wagonjwa wetu karibu wote wana ngozi nyeusi hatuna ruhusa ya kuichukulia taarifa hiyo kama habari ya ugenini.

Filamu inayong'aa haina haja ya kupitisha mwanga ndani ya ngozi. Mwanga huingia katika filamu na kurudi kwenye kamera, na oksijeni ndiyo inayosafiri kutoka kwenye ngozi kuja juu. Rangi ya ngozi, kwa hiyo, inapoteza sehemu kubwa ya nguvu yake ya kupotosha. Kifaa cha elektrodi kinachotumika sasa kwa kazi hii nacho hakitegemei rangi ya ngozi, lakini hulazimika kuipasha ngozi joto la nyuzi 43 hadi 45, huchukua takriban robo saa au zaidi kutulia, na hupima nukta moja. Daktari anayeamua akate mguu usawa gani angependa kuona mpaka wenyewe, kuliko kubahatisha kwa nukta tatu.

Mwaka 2014 watafiti wa Massachusetts General Hospital mjini Boston walieleza bendeji ya majimaji inayopakwa juu ya kidonda, ikakauka, kisha ikapigwa picha kwa kamera yenye kimweko. Bendeji hiyo ilikuwa na rangi mbili za aina niliyoitaja, na tabaka la juu la kuzuia hewa. Tabaka hilo lisidharauliwe. Bila kizuizi, oksijeni ya hewa iliyoko chumbani huingia kwenye filamu kwa wingi kuliko ile inayotoka kwenye ngozi, na picha maridadi itakayopatikana itakuwa picha ya hewa ya wodini.

Kwa mgonjwa wa kisukari anayesoma makala hii, kamera za aina hii bado si sehemu ya huduma ya kawaida katika zahanati zetu, na hakuna sababu ya kuzisubiri. Mguu unaokuwa baridi, unaobadilika rangi, unaouma usiku na kutulia ukining'inizwa kitandani, au wenye kidonda kisichopungua baada ya wiki mbili hadi nne, upelekwe hospitali. Vidole vya mtaalamu vinavyopapasa mapigo juu ya unyayo na nyuma ya kifundo, pamoja na kipimo cha shinikizo la damu la kifundo cha mguu, hugundua miguu mingi iliyo hatarini. Kwa wagonjwa wa kisukari kipimo hicho cha kifundo huweza kudanganya, kwa sababu mishipa iliyokakamaa haibanwi na mkanda na husoma juu kuliko ilivyo. Ndiyo sababu tunaitamani ramani ya oksijeni yenyewe.

Ndani ya mwili

Uvimbe wa saratani mara nyingi hukua haraka kuliko mishipa yake, na seli zilizo mbali na mshipa hukosa hewa. Mwaka 1953 Louis Harold Gray na wenzake wa Uingereza walieleza kwamba seli zisizo na oksijeni huhitaji mionzi karibu mara tatu ili ziuawe kwa kiwango kilekile. Kuijua ramani ya oksijeni ya uvimbe kabla ya tiba ya mionzi lingekuwa jambo la thamani, na vikundi kadhaa vya utafiti vinajaribu kuipata kwa wanyama kwa kutumia rangi za jamii ya pofirini zenye paladi au platini, wakiendeleza kazi iliyoanzia University of Pennsylvania mwaka 1987, pale Jane Vanderkooi, David Wilson na wenzao walipoonyesha kwamba fosforesensi inaweza kupima oksijeni katika sampuli za kibiolojia.

Kumdunga binadamu rangi hizo ni jambo jingine. Oksijeni inapoipokonya rangi nishati yake, yenyewe hugeuka kuwa oksijeni iliyochangamka ambayo hushambulia seli. Kwa kiasi kikubwa hiyo ni tiba, maana baadhi ya saratani za ngozi huuawa hivyohivyo. Kwa kipimo ni madhara, na wanakemia wameifunika rangi kwa matawi ya molekuli yanayopunguza migongano na kuizuia isishikamane na tishu.

Njia iliyomfikia mgonjwa kitandani ilitumia ujanja wa kuvutia: iliuachia mwili utengeneze rangi wenyewe. Seli zetu hutengeneza protopofirini ya tisa njiani kuelekea kutengeneza himu, ile sehemu ya hemoglobini inayobeba chuma. Ngozi ya kifuani ikiwekewa plasta yenye asidi ya aminolevulini, rangi hiyo hujikusanya ndani ya mitokondria kwa saa kadhaa. Egbert Mik na wenzake wa Uholanzi walionyesha mwaka 2006 kwamba mng'ao wake wa kukawia hurefuka oksijeni inapopungua ndani ya mitokondria yenyewe, mahali hasa oksijeni inapotumika. Kifaa kilichotokana na kazi hiyo kimetumika kwa wagonjwa mahututi. Sehemu yenye plasta hufunikwa isipate mwanga, kwa sababu niliyoieleza katika aya iliyotangulia.

Kuhusu usawazishaji wa vifaa

Maabara au kliniki itakayopokea kifaa cha aina hii itapaswa kukisawazisha kwa nukta mbili: pasipo na oksijeni kabisa, na katika hewa. Ya kwanza hupatikana kwa kuyeyusha chumvi ya sodiamu salfaiti katika maji, nayo humaliza oksijeni yote iliyomo. Ya pili inaonekana rahisi, ila hapa pana mtego wa kijiografia. Tarakimu ya milimita 160 ni ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa. Nairobi na Mbeya, zilizo juu kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa yake ina kanieneo ya oksijeni ya takriban milimita 130. Asilimia ya oksijeni ni ileile 21 kila mahali. Kinachopungua ni uzito wa hewa nzima. Mtumishi atakayeacha namba ya pwani kwenye kifaa cha Mbeya atasoma kila mguu kuwa na oksijeni nyingi kuliko iliyopo, kwa karibu robo.

Joto nalo lina kosa lake, na kwa bahati mbaya linaelekea upande uleule. Joto likipanda, molekuli hukimbia na kugongana zaidi, na umri wa mng'ao hupungua. Kifaa hutafsiri umri mfupi kuwa oksijeni nyingi. Filamu iliyosawazishwa katika chumba chenye kiyoyozi cha nyuzi 22, kisha ikabandikwa kwenye ngozi yenye nyuzi 33 bila kurekebishwa, itaonyesha mguu wenye afya kuliko ulivyo. Mafundi wakija kufunga kifaa, waulizwe mambo mawili kabla hawajasaini karatasi za makabidhiano: kinapima joto la ngozi wapi, na kanieneo ya hewa ya mji huu imeingizwa na nani.